Imparfait du Subjonctif na Wiki ya Defile

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilidanganya hata mbele ya kukaa kwenye kiti.

Ilikuwa Marabo. Nilitoka kwetu Gety juu ya kamioni ya mihogo, diploma ndani ya shati, viatu mukononi visichafuke. Prefe, ndiye mukubwa wa shule ya sekondari, alikuwa mutu murefu, mukavu, wa kusema pole-pole. Habari ya safari hakuniuliza.

— Weye njo prof wa Kifaransa?

— Ndiyo, Prefe.

— Imparfait du subjonctif, unaiyua?

— Muzuri sana, Prefe.

— Ni vizuri. Ule aliyekutangulia hakuiyua. Nilimurudisha kwao na kamioni ile ile iliyomuleta.

Kupitia dirisha niliona kamioni yangu bado inashusha mihogo. Dereva akanipungia mukono. Nikakaa.

Ninyi vijana mutaniuliza: hiyo ni kitu gani? Ni namna ya kukonjuga verbe, ndiyo kitenzi, maana yake kuigeuza kwa mimi, kwa weye, kwa yeye, wakati unasema jambo lililopaswa kufanyika zamani. Siye kwa Kiswahili tunasema “ilifaa nikuje”, imekwisha, unaenda zako. Mufaransa anataka verbe ivae kwanza koti na kofia: “que je vinsse”. Wafaransa wenyewe, naambiwa, waliiacha zamani. Lakini siye wa Ituri, huku Kongo, tulipewa kitabu, na kitu kikiisha kuandikwa mu kitabu, nani atakitoa?

Mimi sikuiyua hata kidogo. Mualimu wetu aliiweka kwenye wiki ya defile. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa ine, iko sikukuu ya enseignement, maana yake elimu, na watoto wa shule wanapita mbele ya wakubwa, mukono juu, mukono chini. Wiki nzima ya kuitangulia hakuna somo, ni mazoezi tu uwanjani. Kwa hiyo chapitre ile, sura ile ya kitabu, siye tuliimaliza kwa miguu. Kumbe muzee yule naye alikuwa anaikimbia! Lakini hilo nililifahamu siku nilipoikimbia mimi.

Sasa muelewe kazi yetu. Prof alikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ni prévisions: masomo ya mwaka muzima, wiki kwa wiki. Ya pili ni journal de classe: siku kwa siku. Ya tatu ni fiche: somo moja, dakika kwa dakika, pamoja na swali utakalouliza na jibu ambalo mutoto atajibu, hata kama mutoto mwenyewe hajazaliwa na akili ya kulijibu. Unaweza kukosa chaki, unaweza kukosa chakula. Ukikosa fiche, weye si prof. Mimi nilikuwa na mwandiko muzuri. Nilichukua rula na biki mbili, na kwenye wiki ya mwisho ya mwezi wa ine nikaandika kwa herufi za duara: Imparfait du subjonctif. Prefe akatia sahihi na neno “Vu”, maana yake ameona. Aliona karatasi.

Mwaka uliofuata nikafanya vile vile, na uliofuata tena.

Na nilikuwa mukali, siwafichi. Mutoto akitoroka somo langu, nilimuandikia kwa biki nyekundu mu kaye, daftari yake: Kesho ukuje na muzazi. Wazazi walikuja, wengine wametembea tangu asubuhi, wakasimama mbele yangu na kofia mukononi, mimi nawahubiria ubaya wa kutoroka. Yesu wangu! Leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Muke wangu, Mama Furaha, peke yake ndiye aliyeiyua siri.

— Baba Furaha, si ukae chini usome tu? Ni kurasa tatu.

— Mutu mwenye jina haonekani anasoma kitu anachofundisha.

— Basi kaa na jina yako.

Na jina ndilo nililokuwa nalo, mali ingine sina. Shamba niliwaachia wadogo zangu. Nikivuliwa jina la prof, nitarudi Gety na nini?

Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilitoka Marabo ikafika Ariwara, ikarudi mupaka Bunia. Ariwara nilikaa miaka ine. Siku ya soko nusu ya darasa ilikuwa inauza sabuni, na nusu iliyobaki ilikuwa inanunua. Huko alikuja ansipekteri, mukaguzi wa shule, baba munene juu ya pikipiki ndogo. Akafungua prévisions zangu, akaweka kidole pale pale.

— Ah! Imparfait du subjonctif. Wiki hiyo nitarudi kuisikiliza.

Siku kumi zikapita. Akarudi kweli. Akakuta madarasa matupu, shule yote uwanjani inapiga mguu.

— Ni huruma sana, Prof, alisema. Nilikuwa na hamu.

Lakini nilimuona akipangusa jasho kama mutu aliyepona ajali. Mwaka uliofuata alirudi wiki ile ile, akasema maneno yale yale. Nikaanza kufikiri kwamba mu kazi hii siko peke yangu.

Bunia ndiko nilipokamatwa. Prefe wa pale alikuwa mufupi, wa mbio, mwenye filimbi shingoni hata mu kanisa. Alisoma prévisions zangu, akapuliza filimbi.

— Hapana! Haiwezekani verbe ipotee kwa sababu ya miguu. Watatembea na kukonjuga. Prof Batsi, uwafundishe leo!

Ninawaambia ukweli, niliogopa kuliko siku zote. Nikaingia darasani, nikazunguka mara mbili kama mutu anayetafuta kitu alichoangusha. Halafu nikamuangalia Lotsove, musichana wa Djugu, wa kwanza wa darasa, aliyesoma hata maandishi ya mufuko wa saruji.

— Lotsove, nikasema kwa sauti kubwa, mimi sitaki kukutafunia. Andika verbe “marcher”, kutembea, kwa tablo, ufundishe wenzako. Nitasikiliza makosa.

Aliniangalia kidogo, akashika chaki. Nilisikiliza. Kama kulikuwa na kosa, Mungu ndiye anayeyua.

Siku ya defile darasa langu lilipita mbele ya tribini, jukwaa la wakubwa. Lotsove mbele, mimi pembeni na koti langu la kijivu. “Que je marchasse!” mguu wa kushoto. “Que tu marchasses!” wa kuume. “Qu'il marchât!” na vumbi linapanda. Mama wa soko walidhani ni Kilatini, wawili wakapiga ishara ya musalaba. Mukubwa mumoja mu tribini akasimama, na alivyosimama yeye, wote wakasimama. Prefe alilia machozi ndani ya filimbi. Mimi nilichezesha midomo tu.

Kutoka siku ile wakaniita Baba Subjonctif. Watu walinifuata hata sokoni: Prof, nitazamie hii barua. Nilimuomba Lotsove kaye yake ya verbe “kama ukumbusho”, nikaitia mu mufuko wa koti, na ilikaa pale mupaka uzee wangu. Mutu akiniuliza, nilisema “ngoja nifikiri”, nikaenda nyuma ya nyumba.

Miaka ikapita, na mingine ilikuwa mibaya. Kwa Lotsove nyumba ilichomwa mu vita, yeye na watu wake wakakimbia, tukapoteana. Halafu siku moja wakatuletea prefe mupya, tukapanga musitari kumupokea, na kumbe ni yeye, na miwani, na mufuko wa ngozi. Nilishikwa na furaha, na nyuma ya furaha woga wangu ule wa zamani.

Siku yangu ya mwisho wa kazi ilikuwa mbali na defile. Madamu Prefe alikusanya darasa la sita, watoto tano-tano kwa banki, dawati moja, wengi wao wamekuja kutoka mu site, kambi za waliokimbia vita. Mama Furaha alikuwa amelifua koti langu kwa heshima ya siku hiyo, na kaye ya Lotsove ilibaki juu ya meza nyumbani. Hilo nilikuwa sijalifahamu bado, wakati Lotsove aliposema:

— Batoto, leo Prof Batsi atatupatia somo ya mwisho. Ile iliyomupa jina.

Akanipa chaki. Nikaandika “que je”. Nikatia mukono mu mufuko. Mufuko ulikuwa safi kabisa, unanuka sabuni.

Haya ilinipanda kutoka miguuni, haya ya kweli. Ningeweza kukohoa, ningeweza kusema macho hayaoni. Nikaangalia watoto wale waliotembea siku nzima wanaikimbia vita ili wafike kwenye banki, na mimi banki ilikuwa yangu, nikazikimbia kurasa tatu. Nikageuka.

— Batoto, siyui. Sikuyua Marabo, sikuyua Ariwara, na hapa pia siyui.

Mutoto wa nyuma akauliza:

— Ata kidogo, Prof?

— Ata kidogo.

Lotsove alivua miwani.

— Prof, siye tuliyua tangu ile defile. Midomo yako ilikuwa inasema moya-mbili, moya-mbili.

— Na mulinyamaza?

— Kama wangekufukuza, nani angetufundisha ile ingine yote? Na tena sikiliza. Tulipokimbia sikubeba kitabu hata moya. Mu site batoto walikuwa wanalia tu. Nikawapanga musitari, nikawaimbisha ile ya defile, sababu njo kitu nilikuwa nayo mu kichwa. Pale njo nilianza kazi ya ualimu.

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nilikuja kuaga, na mutoto niliyemudanganya ananishukuru kwa somo ambalo sikulitoa.

— Aksanti, nikasema.

— Aksanti ya nini? Sasa kaa chini.

Watoto wakasogea, nikakaa banki ya tatu, magoti yakagonga mbao. Alifundisha saa nzima, na alifundisha muzuri kuliko mimi siku zote. Kisha akatoa zoezi. Nilipata ine kwa kumi. Kufika “nous”, ndiyo siye, verbe zilinikataa kabisa. Akarudisha kaye yangu, na chini ya alama kulikuwa na biki nyekundu: Kesho ukuje na muzazi.

Wazazi wangu wamelala Gety zamani. Nikarudi nyumbani, nikamuonyesha Mama Furaha ile kaye. Alisoma, akacheka mupaka akashika ukuta. Kesho yake akavaa kikwembe chake cha kanisa, akanishika mukono, tukaenda.

— Muzazi njo mimi, alisema mu ofisi.

Madamu Prefe akamupa kiti. Mimi nikabaki nimesimama, kofia mukononi.

— Mama, mutoto wako iko na akili, alisema Lotsove. Shida yake ni moya: anapenda sana defile.

— Ata kwa nyumba iko vile, akajibu Mama Furaha.