Mwili Hautasafiri

Zawadi ilikuwa ya watoto: safari ya meli ya kitalii huko Ulaya, kusherehekea miaka ya ndoa yetu. Waliilipia kabla hatujajua kwamba baba yao ana saratani ya kongosho. Mimi ni nesi katika hospitali moja mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, na majibu yalipotoka niliyaelewa kabla daktari hajafungua mdomo. Nilitaka tuahirishe safari. Mume wangu akaniuliza, "Hadi lini? La kuvunda halina ubani." Nikaanza kufunga mizigo.

Basi asubuhi moja meli ikatia nanga kwenye mji mdogo wa pwani ya Ureno, tukaambiwa turudi kabla ya jioni. Abiria wenzetu walitawanyika kutafuta mvinyo. Sisi tulitembea polepole, yeye akishikilia kuta, maana njia zilikuwa za mawe madogo yanayoteleza. Kila kona ilinuka samaki wa kuchomwa, na harufu ile ilimchefua. Niliuchukia mji ule kwa uzuri wake. Niliwachukia hata wazee waliokaa barazani wakivuta sigara, wazima wa afya. Mume wangu hakuwahi kuvuta hata moja.

Nikaona lango jeupe na miti mirefu ndani, nikadhani ni bustani. Kumbe ni makaburi. Nilitaka tugeuke, lakini yeye alikuwa ameshaingia na kuketi kwenye benchi kivulini.

Makaburi yalikuwa ya marumaru, yamebanana, kila moja na picha ya mwenyewe. Wanawake wawili walikuwa na ndoo na brashi, wanasugua mawe huku wakipiga soga na kucheka. Mume wangu aliwatazama kwa muda mrefu.

"Mama watoto," akasema, "mimi msinipeleke nyumbani. Nizikeni Minnesota."

Sisi Wakenya wa Minnesota, mtu akifa hatuulizi atazikwa wapi. Tunaulizana mwili unasafiri lini. Nimepika chai nyingi ya vikao vya kuchangia safari hizo kanisani kuliko nilivyopika ya harusi, na mwenyekiti karibu kila mara alikuwa yeye. Shambani kwa baba yake kuna mahali pake, kando ya mama yake, na ndugu zake wote wanapajua.

"Hizo ni dawa zinaongea," nikamwambia. "Kwenye hiyo barafu utafanya nini?"

"Na kule ni nani atanitembelea? Hawa watoto wetu hata kusalimia shosho, mama yako, kwa simu ni shida. Wata-fly kuja kuona kaburi? But from Lakeville wanakoishi ni ku-drive tu, hata Sunday after church."

"Watasema ni mimi nimekukatalia. Ndugu zako watasema mke ndiye alikataa!"

"Watasema. Na wewe utavumilia, kwa sababu nimekuomba."

Nikamfokea palepale. Nilimwambia ana ubinafsi, kwamba mtu hafi halafu akamwachia mkewe kesi na ukoo mzima. Wale wanawake waliacha kusugua wakatutazama. Yeye alingoja nimalize, akipumua kwa taabu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Na si lazima ulale huko na mimi. Siku yako ikifika, ukitaka kwenda nyumbani, nenda. Nimekuruhusu."

Hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani hasa kinaombwa. Kwetu mke huzikwa alipo mumewe, na mimi, kwa hasira zangu, sikuwa nimejifikiria hata kidogo. Nililia sana. Kisha nikampangusa jasho usoni, nikamwambia anyamaze. Nikamwambia ndugu zake nitawapigia simu mimi mwenyewe, na kwamba sasa wanaweza kupanda mahindi pale mahali pake, na pale pangu kando yake pia.