Komeo la Banda la Bata

Kipupwe kilipoingia, bata wa Mama Mpimaji waligoma. Walikula, wakanywa, wakaoga kwenye beseni lao nyuma ya jiko, wakapiga kelele kama vile nyumba ni yao. Yai, hakuna.

Jambo hilo lingebaki kati yake na bata kama asingefungua mdomo. Lakini wazazi wa mchumba wa binti yake walipokuja kujitambulisha, mama wa kijana, mwoka mikate mwenye mikono minene na ulimi usio na breki, alilalamika kwamba kila baridi ikija mayai ya bata yanaadimika mji mzima. Mama Mpimaji, aliyepewa jina hilo kwa kazi ya marehemu mumewe ya kupima viwanja, alinyoosha shingo.

"Kwangu hayaadimiki, mkwe. Bata wangu hawajui baridi."

"Basi nikija tena utanikaangia."

"Mpaka useme basi."

Sasa wakwe walikuwa njiani, waje walale, waamke, wakaangiwe. Na katika ukoo wa marehemu, neno likishatoka halimezwi tena.

Alifanya kila alilosoma. Kwa kuwa siku zikifupika bata huacha kutaga, alitundika taa bandani ili jioni wadhani jua halijazama. Aliwaponda mahindi, akawapashia maji, akawatandikia maranda laini kutoka kwa seremala.

"Mama, bado kuwanunulia mito tu," binti yake alisema.

"Nyamaza, unawatisha."

Kilichomchoma zaidi ni fundi saa wa upande wa pili wa ua wa michongoma. Yule alikuwa na bata mmoja tu, mkongwe, anayechechemea, aliyemwita Bibi Harusi.

"Jirani, Bibi Harusi kaniletea mawili leo," alitangaza huku akipangusa miwani.

"Bata mmoja, mayai mawili?"

"Ni mapenzi hayo, jirani. Mimi huwa namwimbia."

Mama Mpimaji aliingia ndani akiwa ameinua kidevu. Jioni ile alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama mlangoni mwa banda na kuimba kidogo. Bata walimtazama kwa huruma.

Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa uvivu. Nyumba yake haikungoja kuamshwa na jua. Giza lingalipo alikuwa ameshafika bandani, ameinua komeo, na bawaba zimelia kwa mlio wa kukwaruza meno. Alikataa katakata kuzitia mafuta. Mlio ule uliujulisha mtaa mzima kwamba kwa mpimaji watu wameshaamka.

Wakwe walifika, wakala, wakalala. Alfajiri Mama Mpimaji alitoka kama kawaida, pumzi yake ikifuka mbele yake. Mkono ulikuwa umeshagusa komeo binti yake alipomjia mbio, peku, shuka mabegani.

"Mama, nakuomba, usifungue. Baba mkwe kakohoa usiku kucha, ndio kwanza kapata usingizi. Hilo lango likilia ataruka hadi darini."

"Watasema tumelala."

"Wao ndio wamelala, mama. Watasemaje?"

Akakubali shingo upande. Aligeuza ndoo, akaketi juu yake. Mle ndani bata walilalamika, wakasukumana, kisha wakanyamaza kabisa. Kulipokucha aliinuka, akaenda hadi kwenye michongoma kuomba mayai kwa jirani, akarudi. Aombe mayai kwa mtu anayemwimbia bata? Akaenda tena. Akarudi tena.

"Unafanya mazoezi, mkwe?" Mwoka mikate alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kikaango mkononi. "Mafuta yameshachemka. Mwenzangu naye kaamka, anauliza hayo mayai yenu maarufu."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Mama Mpimaji aliinua komeo, bawaba zikalia, bata wakamiminika. Kwenye maranda, kila pembe, mayai yalikuwa yanang'aa, meupe na ya kijanikijani, mengine bado ya moto. Kicheko kikamponyoka, kikubwa, kisicho na adabu, hata akashika nguzo ya banda.

"Unacheka nini?"

Kabla hajajibu, bata mmoja, Karani, aliyeitwa hivyo kwa kutembea kifua mbele, alichomoka mbio, akapenya tundu la michongoma. Wanawake wawili walipiga magoti, wakachungulia. Karani alimpita Bibi Harusi bila salamu, akajichimbia chini ya toroli bovu la fundi saa, akatulia kwenye kiota chake.

Hapo ndipo Mama Mpimaji alipoelewa. Bata hutaga alfajiri. Na kila alfajiri yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akiwafungulia wakatage vichakani na ugenini.

Fundi saa akatoka na taulo shingoni, akamkabili Bibi Harusi, akaanza kuimba kwa sauti nene.

"Huyo naye nani?" mwoka mikate alinong'ona.

"Jirani. Anadhani wimbo ndio unaotaga."

Walijaza ncha za khanga zao midomoni, mabega yakitikisika.

"Utamwambia?"

Mama Mpimaji alimtazama fundi saa. Alikuwa amefumba macho, mkono kifuani.

"Mtaa mzima anausimulia mapenzi hayo," alisema. "Karani na tundu lake nitamwachia. Hao wengine nitawafungulia jua likishatoka." Kisha akapaza sauti juu ya ua. "Jirani, kaleta mangapi leo?"

"Bado, jirani. Ndio kwanza ubeti wa pili."

Jikoni mayai yalikaangwa, yakaliwa, yakakaangwa tena. Baba mkwe alisahau kikohozi chake. Mama Mpimaji alizunguka meza na kikaango, akimwaga mengine kwenye sahani ya mwoka mikate kila ilipoonyesha uwazi, mpaka mgeni alipoifunika kwa viganja vyote viwili.

"Basi, mkwe," alisema. "Basi, nakuomba."

Ndipo akaketi, akajipakulia la kwake.