Mkaja Niliofunga Kabla ya Kuzaa

Admin, nifichie jina, na nyinyi mtakaosoma nakuombeni msinitukane kabla ya kufika mwisho. Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Pemba. Niliolewa hapa Landani, sasa naishi Tottenham na mimba ya miezi minane. Matusi nimeshatukanwa ya kutosha na mume wangu, yenu hayataniongezea kitu.

Wakati wa posa tuliambiwa ni dereva. Kumbe anapeleka unga, dawa za kulevya, na ana bastola. Hiyo bastola niliijua mimba ilipofika miezi mitano. Nilikuwa nakula, akaniwekea mapajani. "Kuanzia leo unatembea nayo wewe. Police hawam-search mwanamke mwenye tumbo kama hilo." Nikasema sitaki. Akanipiga kofi nikaanguka na kiti, kisha akaniwekea mguu juu ya tumbo. Hakukanyaga. Aliuweka tu akangoja nikubali, nikakubali.

Bastola na mimba havikai pamoja, jamani. Kiunoni haishiki kwa sababu kiuno chenyewe hakipo. Ukiiweka mbele, ukikaa kwenye basi inakuchoma chini ya kitovu. Kwenye mkoba alikataa, alisema mikoba inaporwa. Nikahangaika nayo hadi nikaukumbuka mkaja alionitumia mama kutoka nyumbani. Mkaja, kwa msioujua, ni nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Nikaufunga chini ya tumbo, bastola ikalala ubavuni, baibui juu. Haikuniumiza tena. Mungu anisamehe, nilifurahi kama niliyepata kiatu kisichobana.

Furaha hiyo haikudumu. Mchana mmoja tulikuwa tunatoka dukani, akanivutia kwenye ngazi za estate, yale majengo ya fleti, akatia mkono ndani ya baibui na kuichukua. Nikasikia milio miwili, na mtu anamlilia mama yake kwa Kiingereza. Mume wangu akarudi, akanipa, akasema, "Funga." Ilikuwa bado ina joto. Nikapita mbele ya kijana aliyekaa chini ameshika goti, damu imejaa kiatuni, nami natembea taratibu kama mjamzito yeyote aliyetoka kununua mboga. Askari waliokuja mbio walinipisha. Mmoja akaniuliza, "You all right, love?" Nikamwambia nimechoka tu.

Sasa nije kwa Bi Shuwena, nimpe jina hilo ingawa si lake. Ni mtu mzima, alikimbilia hapa baada ya Mapinduzi. Ndiye aliyekuwa somo yangu siku ya harusi, aliyenifunda akanishika mkono, maana mama yangu hakuweza kuja. Jumamosi moja alifanya hitma nyumbani kwake Edmonton. Siku hiyo mume wangu aliogopa nyumba yetu kuvamiwa, akanipeleka kule nikiwa nimefungwa chuma. Nilipojaribu kuinuka kwenye mkeka baibui likafunguka, na ncha ya mkaja ikaonekana. Wageni wengine wangedhani ni kanga tu. Bi Shuwena amefunga wazazi wengi, alijua mara moja.

Akanivuta chumbani, akafunga mlango. "Nani kakufunga mkaja na mtoto hajatoka? Wataka kumziba pumzi?"

"Mgongo unaniuma, bibi."

"Mgongo haufungwi hivi."

Akafungua fundo. Bastola ikaanguka juu ya zulia baina yetu. Aliifunika kwa kanga, akaniuliza, "Ni ya mumeo?" Nikalia, na lile lilikuwa jibu.

Mume wangu alipokuja kunichukua, Bi Shuwena akamkabili kwenye ukumbi wa mlangoni, bastola kaishika ndani ya kanga. "Baba, chombo chako sikurudishii. Huyu mtoto wangu." Mume wangu akamnyang'anya, akampiga nayo mdomoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Meno yaliruka. Sebuleni wanawake walikuwa wanasoma Yasini kwa sauti, hakuna aliyesikia taya likivunjika ila mimi. Nilimshika mkono akanisukumiza ukutani, akanifunga mkaja mwenyewe kwa mikono yenye damu ya yule bibi, tukatoka.

Hospitali Bi Shuwena alisema ameteleza kwenye ngazi. Kwetu sitara kwanza, mnajua wenyewe. Nilipokwenda kumtazama, taya limefungwa waya, alinivuta karibu akanong'ona kwa shida, "Nimenyamaza kwa ajili ya tumbo lako. Ukishazaa salama, nasema."

Kosa langu ni kwamba nilirudi nyumbani uso wangu umechangamka. Mume wangu akataka kujua bibi kasema nini. Alinipiga kwa waya wa chaja miguuni, pasipoonekana, mpaka nikamwambia. Nachukia nilivyomwambia. Namchukia yeye zaidi, na siogopi kuliandika hilo.

Ameshapanga, kesho tunakwenda wote hospitali. Nitaingia na bastola mimi, yeye atanifuata wodini aichukue kwangu, amnyamazishe bibi kabisa. Nikipiga simu polisi wataikuta mwilini mwangu, na alama zangu za vidole ziko juu yake. Karatasi zangu za kuishi hapa zinamtegemea yeye. Nitazalia jela na mtoto atachukuliwa. Anasema pia kuna watu wake Pemba wanaijua nyumba ya mama. Nikinyamaza, ananiambia nitapona mimi na mwanangu.

Kesho saa ya kutazama wagonjwa nitatangulia mimi, maana mjamzito anafunguliwa mlango na kila mtu. Bi Shuwena akiniona atafurahi, atajisogeza kitandani nipate pa kukaa. Nishaurini, nifanye nini, na mnishauri leo hii.