Tulivyompa Dada Pole kwa Kufaulu

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la mikoko, siku yanapofukuliwa, hutoa harufu ambayo mimi naamini ndiyo iliyowafukuza Wareno pwani hii. Mama yangu alikuwa akiyaponda kwa gongo uani kwetu Kinondo, apate nyuzi za kusokotea kamba, na harufu ile ikaingia kwenye nywele, kwenye wali, hata kwenye ndoto. Kwa hiyo nikiukumbuka msimu ule, ni pua inayotangulia. Macho hufuata nyuma, yakamkuta dada yangu Mwanakombo ameketi kizingitini, leso kiunoni, akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Mimi, Bakari, nilikuwa na miaka kumi hivi, na mdomo wa watu wazima wanne.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika alipofika yeye. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na kalamu kwake ilikuwa nzito kuliko jembe. Mwanakombo alitaka kuwa muuguzi. Hamu hiyo ilimwingia alipompeleka mama hospitali Msambweni kujifungua, akamwona muuguzi mmoja akimbembeleza mama kwa Kidigo mpaka woga ukamtoka. Tangu siku hiyo alinifanya mimi mgonjwa wake. Alinipima homa kwa kiganja, akanifunga bandeji za vitambaa, akanidunga kwa mwiba wa mlimau. Nadhani mimi ndiye mtoto aliyepona maradhi mengi zaidi katika kaunti nzima ya Kwale, na mengi sikuwa nayo.

Matokeo yakaja, na amefaulu. Amefaulu vizuri, na baada ya muda jina lake likatoka kwamba amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mama alipoambiwa alikaa chini, akashukuru Mungu, kisha akainuka akafunga mlango. Hasidi hana sababu, na mama alimjua kijana wa jirani aliyefaulu, akashangiliwa kijiji kizima, kisha akaugua hata kabla ya kusafiri. Watu walisema ni jicho, na mama alisadiki. Hapo akatoa amri: mpaka siku mwanawe atakapoingia chuoni, sisi tutasema ameanguka. Baba akaitikia. Dada hakuulizwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani, kisimani na kwa mashangazi, kazi ya kuitangaza habari hiyo ikawa yangu.

Loo, niliitangaza. Mtoto mwingine angesema "hakupita" akanyamaza, lakini mimi niliipamba. Dukani nilieleza kwamba alama zake zilikuwa chache hata wasahihishaji walimtumia rambirambi. Kisimani nikasema karatasi yake ya sayansi ilirudishwa ikiwa imelowa machozi ya msahihishaji. Watu walicheka, wakanipa visheti, kisha wakaja nyumbani na nyuso za msiba. Mabibi waliketi mkekani wakimshika dada mikono, wakimwambia elimu si ya kila mtu, na mume mwema naye ni cheti. Yeye aliitikia ahsanteni, ahsanteni, kama mfiwa. Usiku alinigeuzia mgongo, wala hakunipima tena homa.

Laiti ingekuwa ni aibu tu, ingepita. Lakini nyumbani kwetu hapakuwa na aliyejua mtu huingiaje chuoni. Baba aliamini kwamba chuo kikishakutaka, kitaleta watu wake kukuchukua, kama upande wa bwana harusi unavyokuja kuposa, na kwamba ni kukosa heshima kumpeleka binti mwenyewe kabla hajaitwa mlangoni. Siku za mapumziko alivaa kanzu safi, akakaa barazani kuwangojea wageni wa chuo. Mama alikuwa ameweka kuku wawili tayari. Dada alihisi mambo hayaendi hivyo, ila amuulize nani? Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumeuficha kwa mablanketi saba.

Mtu wa kuulizwa alikuwepo. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akiwakusanya vijana waliofaulu na kuwaelekeza la kufanya, hata kuwasindikiza mwenyewe. Kwetu hakuja kwa sababu hiyo, maana tulilokuwa tukiiambia dunia ni kwamba binti yetu ameanguka. Alikuja kutoa pole. Tukamwamkia shikamoo, mama akamletea kahawa, naye akaishika bila kuinywa, akimtazama dada.

"Mwanangu, mimi nilikuwa na hakika nawe," akasema. "Hebu niambie, imekuwaje?"

Dada aliinua uso. Akamtazama mama, kisha akamtazama mwalimu, na midomo ikafunguka. Niliiona. Alikuwa anakwenda kusema kweli, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nami nikadhani analemewa, anahitaji msaada wa fundi.

"Mwalimu, alilala kwenye hesabu," nikadakia. "Alikoroma mpaka msimamizi akaja kumfunika leso."

Mwalimu alicheka hata kahawa ikamwagikia kanzu. Mama naye akacheka, kwa kupata nafuu. Dada akafumba mdomo. Mwalimu alimwombea dua, akaaga, akaenda zake kuwashughulikia waliofaulu.

Wageni wa chuo hawakuja. Siku dada alipoamua kwenda mwenyewe, akifuatana na baba, masomo yalikuwa yameshaanza zamani na nafasi yake ameshapewa mwingine. Kuku tukawala siku ya kawaida tu. Mwanakombo akapata kazi hoteli moja, kukunja mataulo yawe bata, kisha akaolewa kijiji cha Mwabungo. Hajawahi kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Matokeo hutangazwa kwenye simu hata mwenye mtihani hajaamka, na mtoto asiyejua njia ya chuo hukosa kwa uvivu, si kwa kukosa wa kumuuliza. Mimi niliacha shule mapema, nikaja kusoma ukubwani, masomo ya jioni Ukunda, kwenye madawati ya watoto yaliyonipa mgongo wa ngamia. Nilipopata cheti changu cha kidato cha nne, mama aliyefunga mlango zamani ndiye aliyeita watu na kupika pilau. Umri umemtoa hofu.

Nilisimama mbele ya wageni nikasema lile ambalo nimekuwa nikilisema miaka mingi: kwamba dada yangu alifaulu, tena kunishinda mimi, na sisi ndio tuliomzuia. Wakaangua kicheko. Bakari kaanza, wakasema. Niliapa, wakazidi kucheka. Mama peke yake aliinamia sahani.

Jirani mmoja wa kike akamgeukia Mwanakombo, aliyekuwa akipakua, akamshauri kwa wema naye aende masomo ya jioni, ajaribu tena, si unaona hata mdogo wako kaweza.

"Nikasomee nini, dada yangu?" akajibu taratibu. "Mimi nilipita."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi, wakasema kumbe utani ni wa ukoo. Yeye akaongeza nyama kwenye sahani, akanipa mimi wa kwanza.