Ushahidi wa Theuri

Theuri wa Naro Moru aliupanda Mlima Kenya na mizigo ya wengine mgongoni tangu mwaka wa uhuru. Kwanza aliwabebea wataalamu wa mimea, kisha wahandisi waliokuja kupima maji ya barafu. Mwaka 1973 theluji iliwakuta juu. Wahandisi wakaingia hemani, yeye akaachwa nje kulinda mtambo. Viatu vyake vilikuwa vya mpira. Hospitalini alikatwa vidole vyote vya miguu. Waliomtuma wakasema alikuwa kibarua tu, hawamjui.

Mwaka uliofuata akaja Ngendo, mwanafunzi wa sheria kutoka Nairobi, akifanya utafiti juu ya wapagazi. Theuri alivaa koti la kanisani, akafika hotelini na Simeon, mpagazi mwenzake, awe shahidi. Kabla hajaulizwa lolote alivua kofia, akainua mkono wa kulia.

"Nitasema ukweli mtupu."

Ngendo alidhani ni adabu ya wazee. Aliandika asubuhi nzima. Walipofika kwenye viatu vya mpira, alifuta machozi.

"Baba, haya lazima yajulikane."

Nyumbani, mkewe Wachuka alimhimiza aende ofisi ya leba, Nyeri, akadai fidia.

"Ati nikaseme nini tena? Kesi iko kwa wakili. Hata Simeon ametoa ushahidi."

"Huyo wakili amekupa karatasi?"

"Mama Wamucii, korti haiharakishwi."

Basi hakuiharakisha. Wachuka alilima mashamba ya watu. Yeye alikaa mlangoni, miguu kaifunga matambara, akiutazama mlima ukivaa mawingu na kuyavua. Mwaka wa tatu Wachuka alimburuta hadi Nyeri. Karani alipekua kabati mbili.

"Mzee, jina lako halijawahi kufika hapa. Na sasa muda wa kudai umepita."

"Angalia vizuri. Ni ile ya Ngendo."

Karani akamwita mtu aliyefuata.

Wiki ya Pasaka Ngendo mwenyewe alikuja, uso umechangamka, mkononi kitabu chenye jalada jeusi.

"Baba, nimekuletea kazi yetu."

"Majaji wamesemaje?"

"Walimu wangu? Wameisifu! Hasa sehemu yako."

Theuri hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe jina lake.

"Hapa. Mpagazi wa Sita. Nililificha jina, waajiri wasije wakakunyima kazi."

"Kazi," alisema Theuri.

Ngendo alitazama matambara yale. Ndipo alipoukumbuka mkono ulioinuliwa hotelini.

"Baba, kumbe ulifikiri…"

Theuri alishika mwimo wa mlango, akajiinua. Alivua kofia. Mkono wa kulia ukapanda.

"Andika tena. Safari hii weka jina."

Ngendo aliijua sheria. Alitoa kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho usio na kitu, asiweze kuandika hata herufi moja. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu.

"Mwambie aketi," Wachuka alisema kutoka jikoni. "Hawezi kusimama sana."