Posa Yangu na Mungu wa Wana wa Israili

Posa, mjomba aliniambia, huharibiwa na mposaji mwenyewe. Kwa hivyo nikae, ninywe kahawa, ninyamaze. Maneno yangekuwa yake. Ilikuwa mwaka 1968, tunatoka Matrah, huku Maskati, kwa miguu kwenda kuposa Hamriya, siku hizo nyumba chache na vumbi jingi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikwisha hama Mombasa, Dubai na Kuwait, kila mahali miezi sita. Msichana nilimtaka kweli. Baba yake, Muunguja mwenzetu, alikuwa na hofu moja tu: kwamba mwezi wa saba nitamwacha mwanawe.

Matata yaliletwa na ndama. Huku ng'ombe wanalishwa dagaa wakavu, na tulipokwisha kaa mkekani kwake, ndama wa mzee huyo alichungulia mlangoni akinuka soko zima la samaki. Mjomba akacheka.

"Wana wa Israili wangekuonea wivu, sheikh."

"Wasingemtazama," mzee akasema. "Wale watu wa Mungu mmoja tangu babu yao. Kuabudu ndama kulikuwa mara moja tu, na ni fitina ya mtu mmoja."

"Mara moja? Miguu haijawakauka maji ya bahari, wameona watu na masanamu yao, wakamwambia Musa nasi tutengenezee."

"Waliomba. Kuomba siyo kupata. Hata wewe uliomba mke wa pili."

Mjomba akatazama mkeka.

Mimi nilikuwa nimefika finjani ya tisa. Hakuna aliyeniambia kuwa Maskati ukitosheka unakitikisa kikombe. Mimi nilikuwa nikikirudisha kwa adabu, na mzee akikijaza kwa adabu. Kahawa ikanipanda kichwani, ulimi ukafunguka wenyewe.

"Mwalimu wetu wa historia sekondari," nikasema, "alitwambia zamani sana Wana wa Israili walimwabudu Mungu mmoja, lakini hawakukataa kuwa majirani nao wana miungu yao. Walijua tu kwamba wao ni wa huyu. Kusema wengine hawapo kabisa kulikuja baadaye, baada ya mateso ya kuchukuliwa mateka."

Mjomba akanikanyaga kidole.

"Mitume walijua tangu mwanzo," mzee akasema. "Kaumu yao ndiyo iliyochelewa." Kisha akaliweka dele la kahawa chini, akanitazama. "Kwa hivyo hiyo kaumu ni kama mume wa mke mmoja, anayejua fika kuwa wanawake wengine wapo."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na macho yake hayatembei?"

"Mitume walikuwa wakimgombeza kila siku."

"Na wewe, mwanangu, uko kabla ya mateso au baada?"

Nikakumbuka Kuwait, chumba kimoja watu kumi na mmoja, dengu asubuhi, dengu jioni.

"Baada."

"Wote husema hivyo. Jangwani walizunguka miaka arobaini. Wewe ukishikwa na hamu ya kuhama, binti yangu nimweke wapi?"

Mjomba, aliyekuwa na maneno yote, akanyoosha finjani aongezewe. Jibu lilitoka nyuma ya pazia, kwa msichana mwenyewe.

"Baba, mwambie akihama tunahama sote. Na mimi nna kwangu ninakokutaka."

"Wapi?" mzee akauliza.

"Sijaamua. Kokote kusiko na dagaa."

Mzee akainua mikono tukasoma Fatiha ya kukubali posa. Alipomaliza alimwambia mjomba kwamba alikuwa akiogopa mzururaji mmoja, kumbe mwengine amemlea mwenyewe.

Tumehama mara saba tangu siku ile. Mbili tu ndizo zilizokuwa shauri langu.