Baraka Mezani kwa Bibi wa Fez

Binti yangu alikwisha niambia tangu tukiwa jikoni kwetu Auburn, mtaa wa Sydney: akiolewa na kijana yule wa Kimoroko watahamia kwao Fez, kwa sababu bibi aliyemlea kijana amezeeka na hana mtu mwingine. Mimi nina mtoto huyo mmoja. Mama yake tulimzika Sydney. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema tukauone kwanza huo mji, na jibu langu nitalitoa hukohuko mbele ya bibi. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta sababu za kukataa, na niliamini mji wa kale kama ule haungeninyima.

Kijana alitukodia mtembeza wageni, bwana mnene mwenye kitambulisho kifuani, aliyekwenda mbio kama aliyeacha chungu motoni. Alituonyesha milango, misikiti kwa nje, madrasa yenye vigae vya rangi, na kila kitu alisema ndicho cha kale kuliko vyote. Punda wenye mizigo walipita tukajibanza ukutani. Kwenye kiwanda cha ngozi tulipewa majani ya nanaa tushike puani, tukachungulia chini wanaume waliosimama ndani ya mashimo ya rangi. Yule bwana akaeleza kuwa ngozi hulainishwa kwa mavi ya njiwa. Nikafurahi kimoyomoyo. Hiyo ilikuwa sababu nzuri.

Kilichonitia kiburi siku ile ni maneno. Mimi mtu wa Tanga, na kila duka nilitambua neno: sabuni, sukari, kahawa. Kila nililolitambua nililirudia kwa sauti.

"Unaona? Hata sabuni yao ni sabuni yetu."

"Dad, please," binti yangu alinijibu bila kugeuka. Kiswahili anakielewa chote, ila mdomo wake ulizoea Kiingereza tangu chekechea.

Vichochoro vya Fez hupanda na kushuka, na goti langu limechakaa kwa miaka ya kusimama ghalani Seven Hills. Sikumwambia mtu. Lakini niligundua jambo. Kila nilipobaki nyuma, kijana alimsimamisha yule bwana na kumuuliza swali. Chemchemi hii aliijenga nani? Mlango huu ni wa mti gani? Kijana mwenyewe kazaliwa mtaa wa pili tu kutoka pale. Yule bwana alijibu kwa kununa, nami nikaegemea ukuta nikavuta pumzi. Kijana hakugeuka hata mara moja kuangalia kama nimeona.

Kufika mchana sababu zangu zote zilikuwa zimepukutika, hata ile ya njiwa. Ilibaki moja tu: nilitaka mwanangu awe karibu nami. Hiyo huwezi kuisema mbele ya watu.

Chakula tulikula kwa bibi, pamoja na yule mtembeza wageni. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, vidole vimekolea hina. Alipika kuku kwa ndimu za chumvi na zeituni, yeye mwenyewe hakula. Alikuwa akinitazama. Kijana akaniita ami, kama wanavyoniita watoto wa ndugu yangu, akanisogezea mkate. Nikapiga moyo konde. Nilitaka kumpa bibi ndiyo yangu mwenyewe, bila mkalimani, kwa neno la kwao ambalo sisi watu wa pwani tulilikopa. Nikaweka mkono kifuani.

"Baraka," nikasema. Nikamwona kama hakusikia, nikapaza sauti. "Baraka!"

Bibi alikuwa akinimegea kuku. Mkono wake ukarudi. Akamwambia mjukuu wake maneno mawili matatu, na kijana akainamisha kichwa. Binti yangu alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa kilichoharibika.

Yule bwana ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza, huku anatafuna. "Mzee, baraka ya Mungu tunaijua. Lakini hapa ukimwambia mtu 'baraka' namna hiyo, unamwambia basi, imetosha. Bibi anaona umekataa."

Sasa hapo ningeweza kunyamaza. Kosa lilikuwa limenipa kile nilichokifuata, tena bila mimi kuonekana mbaya. Ningerudi Auburn na mwanangu, na lawama angebeba Mwarabu na lugha yake. Nilishawishika kidogo, sikatai. Kisha nikamtazama binti yangu, naye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mwambieni nimempa mwanangu," nikasema.

Kiswahili mezani pale tulikijua wawili tu, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kutafsiri. Alianza vizuri, akimwambia kijana kwa Kiingereza. Alipofika kwenye neno "mwanangu" sauti ikakatika, na kijana akamalizia, akimwambia bibi kwa Kiarabu chao. Bibi akacheka, akalia, akaniwekea paja zima la kuku. Nami nililia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wangu sikuuficha.

Sasa binti yangu anaishi huko. Hunipigia simu Jumapili nikiwa sina zamu, nami humuuliza kama anakula, kama kuna baridi, bibi hajambo, mume je, atakuja lini. Maswali yakizidi hucheka. "Baraka, Baba," husema, kisha hukata simu. Sijamuuliza kama ni ya kwetu au ya kwao.